Herufi Kumi na Tatu kwenye Kichwa cha Gitaa

Lavelle Tuggle alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna mtu wa mji wetu wa Tullis Bend aliyewahi kukibishia: kujisifu bila kusita kumeza mate. Aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na watoto waliopanda basi lile walihitimu wakijua mambo mawili, hesabu kidogo na habari za Lavelle kwa kirefu. Alipostaafu, watu wakapumua. Hawakupumua sana, kwa sababu alianza kutengeneza gitaa.

Lenyewe halina makuu. Unachukua boksi la sigara nene, na maandishi yake ya kiwandani humo ndani, unapitisha fito ya mbao iwe shingo, unafunga nyuzi tatu, unapiga. Babu zetu walifanya hivyo kwa sababu hawakuwa na gitaa la dukani. Lavelle alifanya hivyo kwa sababu gitaa la dukani lina jina la mtu mwingine.

Ndipo alipoharibu. Kichwa cha gitaa, ile ncha ya shingo inayoshika vigingi vya kukazia nyuzi, alikiranda kikabaki chembamba kama biskuti, eti kiwe na umbo. Halafu akashika patasi na kuchonga LAVELLE TUGGLE, herufi kumi na tatu, za kina kiasi kwamba mvua ikinyesha ungeweza kufugia viluwiluwi. Vigingi akavitobolea katikati ya herufi, vyote vitatu kwenye mstari mmoja.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba ndiyo siku yetu ya muziki, jukwaa likiwa ni lori lililoegeshwa mbele ya kiwanda cha pamba kilichofungwa. Miaka ishirini sikukuu hiyo ilifunguliwa na mzee Hosea Crump. Mwaka huu Hosea amehamia Memphis kwa bintiye, na kamati ikamchagua Lavelle. Alimwambia kila mtu. Mleta barua aliambiwa mara mbili, na ya pili ilikuwa kwa barua.

Jumatano mchana, akikaza uzi mnene, kichwa kikasema kwaa. Ufa ukatoka kwenye V, ukafuata tundu za vigingi hadi kwenye G.

"Kimeniitikia," akamwambia mkewe, Arzula, aliyekuwa barazani akimenya maharage.

"Kimekuaga," Arzula akasema.

Lavelle akakizungushia utepe wa gundi, ule wa rangi ya fedha unaoshikilia nusu ya magari ya wilaya hii. Akakaza uzi. Kichwa kikainama polepole kama shemasi anayesinzia wakati wa mahubiri. Alhamisi asubuhi akaleta skrubu. Skrubu iliingia vizuri sana, ikafanya ufa mmoja kuwa nyufa mbili.

"Nenda kwa Odessa," Arzula akasema.

"Nani? Yule wa mabenchi?"

"Yule yule."

Odessa Birdsong, binamu yake Arzula, hutengeneza mabenchi ya makanisa manne. Mwaka juzi, kwenye chakula cha kanisa, mbele ya kambare wa kukaanga na umati mzima wa waumini, Lavelle alitangaza kwamba fundi wa mabenchi anajua makalio tu, muziki asiuguse. Odessa alikuwa amesimama nyuma yake ameshika sahani.

"Heri nisipige kabisa," Lavelle akasema.

"Sawa. Nitaipigia kamati."

Saa nane alikuwa karakanani kwa Odessa, gitaa limefunikwa taulo kama mtoto mwenye surua.

"Karibu, shemeji," Odessa akasema. "Makalio hayajambo?"

"Dada Odessa, yale yalikuwa maneno ya shibe."

Odessa alifunua taulo, akang'oa utepe wa gundi, akatazama skrubu kama mtu anayetazama picha ya ajali.

"Mbao imenidanganya," Lavelle akasema.

"Mbao haina kosa. Umekiranda mno, ukachimba majina, halafu ukatoboa tundu zako zote kwenye mshipa mmoja wa mbao. Hapa hakuna kichwa, shemeji. Hapa kuna kibao cha kaburi."

"Kinatibika?"

"Natia gundi kwenye ufa, nabana. Naranda uso wote uwe sawa. Nabandika ubao mgumu mbele na mwingine nyuma, nabana tena hadi Jumamosi asubuhi. Tundu nazitoboa upya, moja kushoto, moja kulia, zisifuatane."

Lavelle akasikia neno moja tu. "Unaranda uso? Na jina?"

"Linaondoka na maranda."

"Bandika nyuma peke yake."

"Mbele ndiko kulikochimbwa."

"Niachie basi LAVELLE. Tuggle nimeshaisamehe."

"Hapana."

"Herufi moja! L ni nyembamba."

Odessa akaweka randa chini. "Shemeji, gitaa halijui kusoma. Chagua: Jumamosi upande nalo kwenye lori, au ubaki nyumbani ulisome."

Lavelle alizunguka karakana mara tatu. Akashika mbao, akaziachia. Mwishowe akageukia ukutani, akasema, "Randa, lakini nisione." Maranda yalipoanguka aliyaokota, akayatia kwenye mfuko wa shati. Alikuwa akijaribu kuzipata zile E.

Jumamosi kulikuwa na watu kweli, wakiwemo wageni wa Chicago waliovaa kofia mpya. Lavelle akapanda kwenye lori. Uzi mnene ukakazwa, na Arzula akafumba macho. Kichwa hakikutikisika. Kilikuwa kinene, cha mbao tupu, sura ya mguu wa meza, na gitaa halijawahi kulia vile. Watu waliacha kutafuna. Lavelle mwenyewe alipiga wimbo mzima bila kusema neno, jambo ambalo wazee wa hapa bado wanalijadili.

Makofi yalipotulia, mgeni mmoja akapaza sauti: "Nani kalitengeneza hilo?"

Lavelle akafungua mdomo. Akamwona Odessa mstari wa mbele, mikono kifuani, anasubiri.

"Kichwa ni cha Odessa Birdsong, huyu hapa," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino. Watu wakampigia Odessa makofi. Lavelle akavumilia mpaka yakakaribia kuisha. "Lakini boksi ni langu! Leo asubuhi nimeandika jina kwa ndani. Mwenye tochi asogee!"

Akainamisha gitaa pale ukingoni mwa lori. Bi Ludie, mwenye miaka tisini, akasogea wa kwanza, akatia jicho kwenye tundu la sauti, simu ya mjukuu ikimulika.

"Umesoma, Bi Ludie?"

"Nimesoma, baba."

"Waambie!"

"Imeandikwa: hifadhi mahali pakavu."