Bip Tatu za Mpishi

Mwanangu, ipo siku moja ya kiangazi ninayoikumbuka hata jua lake lilivyokuwa likichoma. Nimekaa juu ya jiwe kwenye mteremko wa mlima Matogoro, nimeishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Wewe leo simu unayo mfukoni na wala huna habari nayo. Mimi nilikalia jiwe lile kwa sababu mtandao ulipatikana pale tu. Ukishuka hatua kumi kuelekea bondeni, kwisha habari yake.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, usije ukapotea njiani.

Miaka ile serikali ilikuwa imeachia biashara, kila mtu amuuzie amtakaye. Redioni waliita soko huria. Sisi wa bustani za bondeni tuliona uhuru wenyewe ni wa mwenye gari. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyekuja na pikapu yake. Anashuka, anatazama nyanya zetu kwa uso wa mtu aliyefiwa, halafu anasema, "Mjini zimejaa, mama zangu. Bei imeanguka." Nani angembishia? Kushuka mjini kwa miguu kuuliza, kisha urudi, siku imekwisha, na nyanya iliyoiva haimsubiri mtu. Basi anapanga bei yeye, anapakia, anaondoka, na mama zetu wanabaki wanafuta jasho.

Ndipo akina mama kumi na wawili wa bondeni, mama yangu akiwemo, walipoamua kununua simu moja ya pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Waliinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahamishwa, simu iliyotumika, nzito, yenye kipembe cha antena juu. Huyu alitoa jogoo, yule debe la maharage. Bibi Otilia, mjane aliyekuwa mwenyekiti wao, aliuza nguruwe wake wa pekee. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijua kubonyeza, kwa hiyo nikakabidhiwa. Kazi yangu ilikuwa kuuliza bei ya mjini na kutafuta wanunuzi, ili yule wa pikapu asitutangazie tena msiba wake.

Maskini akipata matako hulia mbwata. Nisamehe lugha, lakini sijapata methali nyingine inayonitosha. Niliifunga simu kwenye ncha ya kanga, na nikikutana na watu njiani nailegeza kidogo ionekane. Mama akinituma maji, namjibu kwamba nasubiri simu ya wanunuzi. Wanunuzi gani, hata mimi sikuwajua. Kichwani mwangu walikuwa watu wazito wenye malori, wanaopiga simu na kuongea mpaka wachoke.

Siku hiyo ya jiwe, simu ililia mara moja ikakatika. Namba ngeni. Unajua mambo ya kubip: mtu hana salio, anakugusa tu ili umpigie wewe. Nikaitazama nikacheka. Baada ya muda ikalia tena ikakatika. Nikajisemea kwamba mteja wa kweli anapiga, anayebip ni maskini mwenzetu, huyu atanipa nini? Vocha ilikuwepo, tena ya kutosha, nilikuwa nawawekea wale wa malori. Ilipogusa mara ya tatu nikaizima kabisa nitunze chaji, nikashuka bondeni nikisikia njaa.

Kesho yake wanunuzi wangu wazito hawakutokea. Nyanya zilikuwa zimekwisha kuchumwa na kupangwa kwenye matenga. Aliyetokea ni yule wa pikapu na uso wake wa matanga. Akina mama walinitazama, nami nikatazama chini. Akapanga bei yake, akapakia, akaenda.

Jumapili, mama yangu alitoka kanisani akapitia shule moja ya bweni mjini, upande wa Bombambili, kumsalimia mdogo wangu. Alipita nyuma ya jiko akayakuta matenga yetu. Aliyajua kwa uzi wa kijani tuliokuwa tunashonea majani ya mgomba juu yake. Akasema anatoka bustani za bondeni, akamuuliza mpishi mkuu, mzee mmoja jina lake Fridolini, yametoka wapi.

"Nimeletewa na mtu wa pikapu," mzee akamjibu. "Mimi nilitaka ya kwenu. Bibi mmoja aliniachia namba hapa. Nikaazima simu ya mlinzi, haina salio, nikabip mara tatu. Hamkunipigia. Nilitaka matenga manane kila wiki mpaka shule ifungwe."

Mwanangu, mama yangu hakunipiga. Alinieleza tu, taratibu, huku anamenya muhogo. Nyanya zetu zimefika jikoni kwa mzee Fridolini kama alivyotaka, ila zimepitia mkononi mwa mtu yuleyule tuliyenunua simu ili tumkwepe. Niliona aibu, na naiona hata sasa ninapokuandikia. Na aliyeacha namba kule jikoni, aliyetembea na kikaratasi cha namba yetu mpaka Bombambili kwa miguu yake mibovu, alikuwa Bibi Otilia.

Nikaenda kwake na simu mkononi kuirudisha. Nilimkuta uani anachambua maharage, juu yake paa la nyasi limebonyea katikati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akanisogezea ungo nichambue naye. Kisha akaniuliza, "Daria, mtu akisimama nje kwenu akapiga hodi, mama yako humuuliza kwanza amebeba nini?"

"Hapana, bibi."

"Humwambiaje?"

"Karibu."

"Basi hiyo bip ni hodi ya mtu ambaye mkononi hana kitu. Sisi wenyewe miaka yote tumepiga hodi mjini hatuitikiwi, ndiyo maana tukanunua hicho chombo. Leo tumekipata, na sisi tunawafungia wenzetu mlango?" Hakupandisha sauti hata kidogo, na ndiyo maana iliniingia.

Nikamwambia simu apewe mwingine. Akaurudisha mkono wangu wenye simu. "Ukibaki nayo wewe hutarudia. Tukimpa mwingine itabidi naye akosee kwanza, na mimi nguruwe wa pili sina."

Nililia, halafu nikacheka, na yeye akacheka. Kesho yake nilikwenda Bombambili kumwomba radhi mzee Fridolini. Alinipokea vizuri, akanipa uji, lakini alisema amekwisha kumwahidi yule wa pikapu mpaka muhula uishe, na neno lake ni neno. Nikarudi mikono mitupu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu siku hiyo kila aliyebip nilimpigia. Nilianza na mtu aliyekosea namba, nikamtakia siku njema. Akafuata mama mmoja wa mtaa wa Mfaranyaki aliyeuza nyanya kwa mafungu nje ya nyumba yake. Alitaka tenga moja tu, akataka ndogondogo. Nikampelekea kwa baiskeli. Akampa namba jirani yake, jirani akampa dada yake wa mgahawa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na lori. Hao ndio waliokuwa wananiambia kila asubuhi nyanya sokoni zinauzwaje, maana wao ndio waliozinunua na kuzila. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuja kuielewa methali hiyo pale juu ya jiwe, kwa watu ambao wengine sikuwahi kuwaona sura.

Shule zilipofunguliwa, mzee Fridolini akabip. Nilimpigia kabla hajairudisha simu kwa mlinzi.

Na yule wa pikapu? Alikuja, kama kawaida yake. Akashuka, akatazama matenga, akafungua mdomo atoe habari za mjini. Akamwona Bibi Otilia amesimama na mimi pembeni yake na simu. Akafunga mdomo, akakuna kichwa, akasema, "Haya mama zangu, leo mnauzaje?"

Tulimuuzia, tena kwa bei ya haki, kwa sababu ana gari na sisi hatuna, na hata yeye ana watoto. Lakini nakwambia, mama zangu wale walisimama wima siku hiyo. Walikuwa hawajawahi kuulizwa swali lile na mtu yeyote. Kiangazi kilichofuata Bibi Otilia aliezeka bati, na wengine mabinti zao wakavuka darasa la saba. Kumwagilia tuliendelea kumwagilia, viuno vikatuuma vilevile. Ila jasho letu lilianza kuturudia.

Sasa nisikilize. Umaskini tulioujua sisi haukuwa wa kukosa nyanya. Ulikuwa wa kutojua, na wa kutojulikana. Simu inaweza kukutoa humo, lakini ni wewe utakayeamua umpigie nani na umwitikie nani. Uliza bei kabla hujachuma. Mkiweza, nunueni kwa pamoja na muuze kwa pamoja. Ukikabidhiwa chombo cha wengi, kishike kama cha wengi, usikivae shingoni kama shanga. Ukikosea, rudi kwa uliyemkosea, hata kama atakupa uji tu. Na asiye na salio usimdharau, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayejua mahali jiko lilipo na nani ana njaa.

Nenda ukalime, mwanangu. Mungu akujalie shamba lenye maji kiangazi chote, na watu wa kukutafuta toka mbali. Na wakikutafuta, wakupate.