Swali la Kogo Kabla ya Kikombe

Wiki jana mteja mmoja aliniomba maji ya moto kwenye kibanda changu cha chai na chapati, hapa Kericho mjini. Alitoa karatasi mkobani, akamwaga majani makavu ndani ya kikombe, akakifunika na sahani. Alipofunua, harufu ilinifikia kabla sijageuka. Ilikuwa harufu ya udongo mkavu uliopigwa na matone ya kwanza ya mvua, na kwa mbali kidogo, nyasi zilizolaliwa na ng'ombe. Niliunguza chapati mbili nikicheka peke yangu. Akili yangu ilikuwa imeshatoka kibandani, iko nje ya Kapkatet jikoni kwa Kogo, na mimi nina miaka tisa.

Kogo ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya. Kogo wangu alikuwa mfupi, mwenye kucheka na mabega, na alikuwa na chai mbili. Ya kwanza ilikuwa hii mnayoijua, ya maziwa, inayochemshwa mpaka ipande na kutishia kumwagika. Ya pili ilikuwa ya siwot, ndiyo hii ya mteja wangu. Siwot ni ule mmea wenye majani ya manyoya unaouma kama nyuki ukiugusa. Unaota wenyewe kando ya zizi na kwenye kingo za msitu. Watu wengi huufyeka. Kogo alikuwa anauamkia kama mtu.

Siku yangu ya kwanza kuuchuma nilijiona fundi. Si nimezaliwa katikati ya chai? Tangu nijue kutembea nimeona mama yangu akichuna, majani mawili na kichwa, majani mawili na kichwa, vidole vikiruka kama vya mpiga kinanda. Basi nikaingia kwenye siwot hivyo hivyo, mikono mitupu, haraka haraka, nikiwaza vile nitakuwa na hoteli kubwa yenye jina langu juu ya mlango, Chebet Hoteli, na wazungu wamepanga foleni. Sikufika kichwa cha tatu. Mkono wangu ulivimba kama mandazi, nikalia mpaka ndama akaitikia. Kogo alinipaka majivu na maji baridi huku mabega yakicheka, akasema hii si chai ya kampuni, hii ina mdomo wake.

Baada ya hapo alinifundisha vizuri. Unafunga mkono na mfuko wa nailoni au kitambaa kizito. Unakata ncha changa tu, kabla mmea haujatoa maua, na shina unaliachia lichipuke tena. Ile ya kando ya barabara unaiacha na vumbi lake. Ile iliyo karibu na mahindi yaliyopigwa dawa hata usiiangalie. Unaanika kwenye ungo kivulini, siku kadhaa, mpaka majani yakishikwa yanalia kama karatasi na hayaumi tena. Kisha kijiko kimoja kwa kikombe, maji yaliyochemka, funika, ngoja. Na kikombe ni kimoja, sio birika.

Hayo yote niliyapenda. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanichoma kuliko siwot yenyewe. Kogo hakumpa mtu chai ile bila kumuuliza maswali. Unatumia dawa ya hospitali? Figo ziko sawa? Uko na bresha? Alikuwa anasema bresha, yaani presha ya damu, na mtu akicheka, anamwambia basi wewe uko nayo. Mwanamke alikuwa anaulizwa pia kama ameona mwezi wake. Mimi nilikuwa natamani kuingia chini ya kiti. Kwetu mgeni haulizwi kama atakunywa chai. Kumuuliza ni kama kumwambia tumekuona lakini majani ni machache. Unachemsha, unamimina, unamwekea mbele. Niliona Kogo anatuaibisha.

Sasa, kulikuwa na Mama Akinyi. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, anafanya kazi kiwandani kwenye kuchambua majani, na wanaishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Akinyi, mtoto wake wa pekee, nilikaa naye dawati moja. Mama huyu nilimpenda kupita kiasi. Alikuwa mrefu, anavaa leso za rangi kali, na alikuwa ananiita "madam" kana kwamba nimemaliza chuo. Kanisani nilikuwa nimesikia akina mama wakimwombea apate mtoto wa pili. Walikuwa wamemwombea miaka mingi, kwa sauti, na jina lake likitajwa.

Likizo moja ya Agosti alimwambia Kogo kwamba siku hizi anachoka, magoti hayana nguvu, na wenzake kiwandani wamemshauri anywe siwot iongeze damu. Kogo akamwambia aje Jumamosi jioni. Na Jumamosi ilipofika, Kogo akasema maneno niliyoyangoja mwaka mzima. Leo utapika wewe. Mimi naenda kukamua. Akifika, muulize kwanza.

Nilijibu ndiyo, lakini moyoni nilishakataa. Nimuulize Mama Akinyi mambo ya mwezi wake, mimi, madam? Hapana.

Alifika, nikamkaribisha kiti kizuri, nikachemsha maji. Nikaweka kijiko kimoja, nikafunika, nikafunua. Rangi ilikuwa ya kijani hafifu, kama maji yaliyooshewa sukuma wiki. Hapo nikaingiwa na aibu nyingine. Mtoto wa Kapkatet atamwekea mgeni chai isiyo na rangi? Nyumbani chai ikiwa nyepesi, watu wanasema umepika ukiwa na hasira. Nikaongeza kijiko. Nikaongeza kingine. Nikarudisha sufuria motoni, nikachemsha mpaka ikawa nyeusi kama maji ya mtaro na jikoni kote kukanuka shamba lililolimwa. Nikamimina kikombe kile kikubwa cha bati, kimejaa mpaka ukingoni, nikampa kwa mikono miwili.

"Asante, madam," alisema. "Hii leo itaniamsha."

Akaanza kuipuliza. Akanisimulia vile Akinyi amekataa kuvaa viatu vya mtumba. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kigoda, nimefurahi hadi miguu haitulii, nikimwona mteja wa kwanza wa Chebet Hoteli. Alikuwa amekiinua kikombe mpaka mdomoni wakati Kogo aliposimama mlangoni na ndoo ya maziwa.

Alinusa. Kisha akaniangalia.

"Umemuuliza?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Mama Akinyi, kwa wema wake, akanitetea, akasema nimempokea vizuri sana, hata hotelini hawapokei hivyo. Kogo akaweka ndoo chini. Akaenda, akakitoa kile kikombe mkononi mwa mgeni polepole kama mtu anayepokea mtoto aliyelala, akakiweka juu ya meza. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

Dawa za hospitali? Hapana, mama. Figo? Ziko sawa. Bresha? Hapana, na hapo Mama Akinyi akatabasamu kidogo.

"Na mwezi wako, umeuona?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Mama Akinyi hakukasirika. Tabasamu lake lilikaa pale pale usoni. Alishika pindo la leso, akalikunja, akalikunjua. Kogo hakumharakisha. Nje ndama alikuwa analia, na Kogo hakugeuka.

"Umepita," alisema mwishowe. "Umepita mara mbili. Sijamwambia mtu. Hata baba Akinyi sijamwambia. Naogopa kuitamka, mama."

"Umeshaitamka," Kogo akasema. "Umeona, nyumba haijaanguka."

Mama Akinyi akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kicheko, mpaka mimi pia nikalia bila kujua ni upande gani nimeingia. Kogo alienda kumwaga kile kikombe chote kwenye shina la mgomba. Akamwambia siwot si ya mwanamke mwenye mimba, tena ile nyeusi yangu haikuwa ya mtu yeyote, na kwamba uchovu wake una daktari wake, Jumatatu aende kliniki ya akina mama apimwe damu. Kisha akachemsha maziwa yale ya moto moto ya jioni, akaweka majani kidogo na sukari nyingi, na tukanywa watatu.

Adhabu yangu ilikuja asubuhi. Wiki nzima kila mgeni aliyeingia ilikuwa ni mimi wa kumuuliza, yote, kwa sauti, bila kuruka neno. Jumatano akaja mzee wa kanisa, mtu mkubwa mwenye kofia, na mimi kwa woga nikaanza mwanzo hadi mwisho kama nilivyokariri. Nilipofika kwenye mwezi alivua kofia, akafikiri kwa makini, akasema anavyojua yeye, bado. Kogo alilazimika kutoka nje. Niliona mabega yake kupitia dirishani.

Mtoto alizaliwa mwaka uliofuata, mvulana mwenye sauti ya king'ora. Sasa ni mkubwa, anacheza mpira, na hajui kwamba alitangazwa kwanza kwenye jiko letu mbele ya kikombe kibaya.

Kwa miaka mingi nilidhani somo langu siku ile lilikuwa la vijiko na rangi. Kweli nilijifunza, na hadi leo nikiipika siwot naiacha iwe kijani, kikombe kimoja, na aliye na mimba au dawa zake namchemshia maziwa. Lakini juzijuzi nilianza kumfikiria Mama Akinyi mwenyewe. Mtu aliyeombewa hadharani miaka mingi, kila mmoja akijua shida yake, kila mmoja akimpa neno, mzizi, mstari wa Biblia. Wote walikuwa wanammiminia kama nilivyommiminia mimi, kwa mapenzi, mpaka ukingoni. Wiki kadhaa alitembea na furaha yake imefungwa ndani ya leso, akipita katikati ya watu wanaompenda, na sidhani kama kabla ya Kogo kuna aliyemuuliza kitu kisha akanyamaza angoje ajibu.