Safu ya Mbele ya Mama Henriette

"Mama Henriette, kila mwezi tunapanda basi kutoka Saltley kuja kukaa huku juu, na huruhusiwi kusema hata neno. Unafuata nini?"

Fortunée alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo, kwenye roshani ya watazamaji ya baraza la jiji lao la Waingereza. Mama Henriette, jirani yao, mpiga pasi wa kiwanda cha kufulia huko Tyseley, alimwonyesha chini kwa kidole. "Tulia, mwanangu. Tazama."

Akatazama. Madiwani waliketi nusu duara kwenye viti vya ngozi, mbao zimenakshiwa mpaka juu. Rungu la fedha, alama ya mamlaka ya baraza, lililazwa mezani kama mtoto mchanga. Na Meya, mkufu mzito shingoni, alikuwa na uwezo wa ajabu: akisimama yeye, diwani anayenguruma hukatiza neno na kuketi. Mama Henriette aliandika kwenye daftari, akafunua ukurasa, akaandika tena.

Miaka sita baadaye, mwaka 2007, Djo, kitindamimba wa Mama Henriette, aligongwa na gari akienda shule. Mguu ukapona, barabara ikabaki vilevile. Mama akakusanya saini mia nane kuomba kivuko chenye taa, na diwani Jasbir akakubali kuliwasilisha ombi. Likapangwa mwisho kabisa wa kikao, saa ambayo madiwani wengi huwa wameshaondoka. Waliobaki ukumbini wasipotimia idadi ya kupiga kura, ombi lingesubiri, na watoto wangeendelea kukimbia kati ya malori.

Siku hiyo Mama Henriette alijaza safu ya mbele ya roshani kwa akina mama thelathini wa kanisani, wote kitenge kimoja cha manjano.

"Saa nne nzima," alinong'ona Mama Roselyne, nesi Mkenya, "na hata muuza karanga hakuna. Kwetu harusi ingekuwa imeisha, bibi harusi ashaanza kupika."

"Usisinzie, dada. Macho kule chini."

Saa kumi na moja mikoba ikaanza kufungwa. Diwani mmoja aliinuka, akajinyoosha, akainua uso: manjano tupu, macho sitini. Akaketi. Mwingine, aliyekwisha kushika kitasa cha mlango, akarudi polepole kitini. Jasbir akasoma ombi. Mkono mmoja ukainuka, ikawa kumi, ukawa ukumbi mzima. Kivuko kikapitishwa.

Wakishuka ngazi, Fortunée alirudia swali lake la utotoni.

"Kusema, wana watu wao wa kusema," alijibu Mama Henriette, akifunga vifungo vya koti, daftari kwapani. "Mimi miaka yote hiyo nilikuwa ninajifunza diwani gani hutoka kikaoni saa ngapi."