Ini la Wifi Yangu

Asanteni, nyote mliofika hospitalini leo, kwa kunipa kiti, lakini nitasimama. Kuna wakati kusimama kulinishinda, ndiyo maana leo nasimama kwa maringo.

Mimi naitwa Rukia, mzaliwa wa Mji wa Kale, mpishi wa harusi. Pengine mmekula pilau yangu bila kunijua. Kabla ya maradhi nilikuwa mwanamke wa kuinua sufuria mwenyewe, na sauti juu. Mume wangu Badi, karani wa bandarini Kilindini, alizoea kusema kwamba nikiita vitunguu jikoni, yeye ofisini aitika.

Badi ana dada yake, Mwanahawa, akaa Makadara. Huyo ndiye wifi yangu. Kila harusi niliyopika alikuja na kijiko chake.

"Wifi, mdalasini umezidi."

"Wifi, uliozidi ni mdomo wako."

Tuliishi hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyetaka kushindwa.

Maradhi yalianza kwa vitunguu. Siku moja nilikuwa navikaanga, harufu ikanipanda, nikakimbia kutapika. Nikasema ni jua. Kisha uchovu ukaniingia, ule wa kuamka umechoka zaidi ya ulivyolala. Ngozi ikaniwasha mpaka nikawa najikuna kwa mwiko. Mkojo ukawa rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, na choo kikapauka kama chokaa. Sikumwambia mtu. Mambo ya chooni nani huyasema?

Aliyeona ni Mwanahawa. Alinishika kidevu mbele ya wageni. "Hebu nitazame. Mato yako yana manjano!"

"Nimeshika zaafarani, imenirukia."

"Zaafarani haiingii ndani ya mato, wifi. Vaa buibui, twende hospitali."

Daktari alinipima damu, akanipiga picha ya tumbo, akaniketisha pamoja na Badi. "Mama, una homa ya ini, ile ya kirusi cha B. Huenda umeishi nacho tangu utotoni bila kujua. Ini lako limejaa makovu, limekuwa gumu."

"Mimi sijaonja pombe maishani mwangu, daktari."

"Si pombe peke yake iharibuyo ini."

Nilifurahi kuyasikia hayo, maana tayari kulikuwa na watu wakinong'ona. Niliporudi nyumbani nikawatangazia majirani mlangoni, kwa ile sauti yangu: ni kirusi, na nyinyi nyote kapimweni! Watoto wangu walipimwa wote. Hawakuwa nacho, alhamdulillahi, wakachanjwa.

Nikapewa dawa za kukituliza kirusi, lakini ini lilikuwa limeshachakaa. Tumbo likajaa maji, nikawa kama mjamzito aliyepitisha siku zake. Kila nikitolewa maji kwa sindano, yalirudi. Miguu ikavimba, mikono ikabaki mifupa. Alfajiri moja nilitapika damu, beseni likawa jekundu, wakanikimbiza hospitali kuniziba mishipa ya kooni. Kisha akili nayo ikaanza kupotea. Mwanahawa aliingia jikoni kwangu akanikuta nimeinamia bakuli.

"Wifi, waosha mchele kwa sabuni?"

"Ni mchafu," nikamjibu, na nikaendelea kusugua.

Nasimulia nilivyosimuliwa, maana mimi sikumbuki. Wanasema Mwanahawa alininyang'anya bakuli akacheka, kisha akatoka uani akalia.

Daktari bingwa wa ini alieleza kwamba uchafu ambao ini lilipaswa kuusafisha ulikuwa umenipanda kichwani. Akanipa dawa ya kunisafisha tumbo, akili ikarudi. Ndipo akasema, "Ini hili limechoka. Unahitaji jingine."

"Litoke wapi? Sokoni?"

"Kwa mtu aliye hai. Atakukatia kipande. Lake litakua tena, na hicho kipande nacho kitakua ndani yako."

Mimi nilidhani ukihitaji ini unapewa. Kumbe hata mgonjwa hutahiniwa! Walinipima moyo, kama utastahimili upasuaji. Wakapima mapafu na figo. Wakatafuta saratani, kwa sababu kama ingekuwepo na imetoka nje ya ini, safari ingeishia hapo. Umri wangu haukuwatisha. Wakaniuliza nani atanitunza nikirudi, nani atanikumbusha dawa. Wakanitazama hata kinywani, wakakuta jino bovu.

"Nimekuja kwa ajili ya ini, mwaning'oa jino?"

"Viini vya maradhi vya jino hilo vyaweza kukuua baada ya operesheni, mama."

Nikaongezewa damu ili yangu iweze kuganda, jino likang'oka. Kilichonishinda kilikuwa kiti. Daktari alinitaka niketi, nikunje mikono kifuani, kisha niinuke bila kushika chochote. Sikuweza. Matako yalikuwa kama yamegundishwa.

"Hii ni muhimu kama damu yako," alisema. "Anayeingia chumba cha upasuaji bila nguvu, hata operesheni ikifaulu, kupona kwake ni taabu. Kale mayai, samaki, kuku, maharage. Chumvi acha. Na utembee."

Sasa nani wa kunipa? Damu yangu ni kundi O, na anayenipa lazima awe O pia. Badi ni B, akasononeka kama aliyefeli mtihani. Kaka yangu mkubwa ana kisukari. Mdogo wetu ni A. Wanangu wengine ni B kama baba yao; binti yangu alikuwa ananyonyesha, na hata angekubaliwa, mimi nisingekubali. Tukaketi sebuleni, chai ikapoa.

Mwanahawa akaingia. "Mbona mwanyamaza kama mwasubiri maiti? Mimi damu yangu O. Nipimeni."

Nikamtazama. "Wifi, wewe wataka kunipa ini lako?"

"Nataka urudi jikoni. Tangu uugue sina wa kumkosoa."

Alipimwa. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa ini lenyewe. Daktari alimwambia waziwazi, "Lina mafuta mengi. Likiwa hivi siwezi kulikata. Ni hatari kwako, na kwake halitafanya kazi vyema. Punguza uzito, tutakupima upya."

Basi hapo ndipo kilipoanza kichekesho cha nyumba yetu. Mwanahawa alihamia kwangu ili tuchungane. Meza moja, mimi naambiwa ongeza, yeye aambiwa punguza. Mimi niliyekuwa naona kichefuchefu niliwekewa mayai na kuku. Yeye aliyependa mahamri kuliko ndugu zake aliwekewa mchicha.

"Wifi, chakula wakila au wakitazama?" aliniuliza siku moja, mate yakimtoka.

"Chakula hakipiti."

"Kitapita. Mimi nakula kwa macho, wewe kula kwa mdomo. Tugawane kazi."

Kila asubuhi alinivika viatu akaniburura kutembea. Mwanzo niliishia kona ya mtaa wetu. Baadaye tukafika Kizingo, kule kwenye miti na majumba makubwa, ambako watu hupita ndani ya magari wakitushangaa: mmoja mwembamba mwenye tumbo, mwingine mnene atokwaye jasho, wote wakigombana. Tulipopimwa tena, ini lake lilikuwa limesafika. Mimi niliketi kwenye kile kiti, nikakunja mikono, nikainuka. Badi akapiga vigelegele, mwanamume mzima, ndani ya hospitali.

Lakini tulipokuwa tumeshafunga mizigo kwenda India, ambako ningepasuliwa, nikashikwa na homa na tumbo likaniuma kama lachomwa. Yale maji tumboni yalikuwa yameingia viini. Daktari akaahirisha safari. "Baada ya operesheni tutaidhoofisha kinga ya mwili wako ili usilikatae ini. Ukiwa na maambukizi haya, hutapona."

Hapo nilikata tamaa. Nilimwambia Badi amlete binti yangu nimuage. Aliyekuja kwanza ni Mwanahawa. Akasimama mbele ya kitanda, akashika nguo yake kiunoni akaivuta. "Waona inavyonipwaya? Nimejinyima mahamri kwa ajili yako. Ukinifia sasa, wallahi sikusamehei."

Nilicheka mpaka sindano ikachomoka mkononi. Dawa zikafanya kazi, homa ikashuka, tukasafiri. Waliotuchangia ni wengi, jamaa, majirani na watu niliowapikia harusi. Mola awalipe.

Kule India tulikuta mtihani mwingine. Kwa kuwa wifi si ndugu wa damu, ilibidi aulizwe mbele ya jopo kama anatoa kwa hiari. Mzee mmoja mwenye miwani alimuuliza kupitia mkalimani, "Je, huyu mama amekulazimisha?"

Mwanahawa alinigeukia, akawageukia wao. "Huyu? Hajawahi kunilazimisha hata kuonja mchuzi wake. Mimi natoa kwa sababu ni mke wa ndugu yangu, na ni rafiki yangu. Lakini hilo la rafiki msimtafsirie."

Mkalimani akanigeukia mimi niliyekwisha kusikia, akanitafsiria hilo hilo kwa Kiingereza. Jopo lote likacheka, na mimi nikalia.

Operesheni ilichukua karibu siku nzima. Niliamka na mipira puani, kooni na tumboni, na mshono mrefu chini ya mbavu. Maumivu yalikuwepo, siwafichi. Lakini muuguzi aliponiletea kioo nikaona macho yangu meupe. Meupe! Neno la kwanza nililosema mpira ulipotolewa kooni ni, "Wifi yuko wapi?" Alikuwa chumba cha pili, salama, akilalamika kwamba uji wao hauna ladha.

Baada ya wiki chache, vipimo vikapanda. Daktari akasema mwili wangu umeanza kulikataa ini. Nikamwambia, "Kumbe ugomvi wa mawifi umefika mpaka tumboni!" Wakaniongezea dawa, likatulia. Tangu hapo sijaruka hata kidonge kimoja. Dawa za kutuliza kinga ni za maisha, na za kirusi pia, kisije kikala ini la watu. Balungi nimekatazwa kwa sababu huvuruga dawa. Kwenye umati wa harusi navaa barakoa, na nasimamia upishi nikiwa na fimbo ya kuelekeza. Nguvu zimerudi, na sauti mwaisikia wenyewe.

Namshukuru Mungu, madaktari na wauguzi, na Badi wangu aliyejifunza kunipikia mayai. Mwanahawa ameketi pale nyuma, mzima, na ini lake limekua tena. Mkitaka kujua mtoaji hupata tabu gani, muulizeni yeye, atawaeleza bila kuwapaka mafuta.

Nyinyi wagonjwa, msife moyo mkiambiwa bado hamjafaa. Mimi sikufaa, wifi hakufaa, tukafaa. Ulizeni ni lipi linalowazuia, mlishughulikie hilo. Kuleni, tembeeni, ng'oeni meno mabovu. Na nyinyi mlio wazima, kirusi hiki hakibishi hodi. Chumba cha kupimia damu ni kile mlango wa kijani, na chanjo iko humo humo. Anayeogopa sindano aje anishike mkono. Haya, nani wa kwanza?