Aliyejisifu Bila Kujibiwa

Baba yangu alikuwa manju wa ngoma kule Nkololo, na sisi watoto tulizoea kumsikia akijisifu. Pamba ikishauzwa, makundi mawili yalicheza uwanja mmoja, siku moja, yakitazamana. Baba aliimba kwamba yeye ni simba, na ng'ombe wake wakinywa maji mto unakauka. Hakuna aliyeudhika, maana alipomaliza, manju wa upande wa pili alikuwa anamsubiri, akamwanika hadharani: ng'ombe wenyewe wawili, tena wa kuazima. Watu walishika mbavu, baba naye akicheka. Kujisifu kulikuwa na adabu yake. Huondoki uwanjani kabla hujajibiwa.

Mwaka jana, akiwa mgonjwa nyumbani kwangu Bariadi, aliniomba kitu kimoja tu. Alitaka kusikia habari za babu yake, aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Babu huyo alibeba mizigo ya mzungu mmoja aliyepita huku zamani, na mzungu huyo baadaye akaandika kitabu cha safari zake. Jina la mzungu tulilijua ukoo mzima, kwa hiyo kitabu nilikipata upesi mtandaoni. Kila jioni nilikaa kando ya kitanda na simu, nikamfasiria kwa Kisukuma.

Yule bwana alijipenda kupita kiasi. Mto aliuvuka yeye, kiu aliivumilia yeye. Simba alimwangusha kwa risasi moja. Kijiji kizima kilitetemeka kumwona, kisha kikamletea mbuzi. Wapagazi walitajwa walipoiba, walipotoroka na walipokufa, na hata hapo alijihurumia yeye, kwa kubaki na mizigo bila wa kuibeba. Nilisoma kwa hasira mpaka ukurasa wa mwisho.

Baba hakukasirika. Alisikiliza kama fundi anayemsikiliza fundi mwenzake.

"Anajua kujisifu huyu," alisema. "Sasa nisomee upande wa pili. Walimjibuje?"

Nikamwambia hakuna upande wa pili, kitabu kimeisha.

"Na babu?"

"Hayumo, baba."

Nilidhani atageukia ukutani alale. Badala yake aliniomba nimwinue, akaegemea mito, akasafisha koo. "Basi nitamjibu mimi."

Nikawasha simu irekodi. Alianza vizuri sana: akamwita yule mzungu mtoto wa mgongoni, anayejisifia mto aliovushwa amebebwa. Nilicheka peke yangu mle chumbani. Kisha akafika pale ambapo manju humsifu mtu wake: alilima nini, alioa wapi, alimshinda nani. Wimbo ukamkatikia. Akaurudia mstari, ukamkatikia tena palepale.

"Wewe uliambiwa nini juu ya babu?" nilimuuliza, nikitaka kumsaidia.

Nilipouona uso wake nikakata tamaa kabla hajasema.

"Kwamba alibeba mizigo ya mzungu," alisema. "Hicho tu."