Samaki wa Mzee Rajabu

Jamani, leo mjukuu wangu amenivua nguo bila kujua.

Kanionyesha kwenye simu samaki wa mtoni, bunju wa Malagarasi, kule Kigoma. Akitishwa anameza maji, anavimba mpaka anakuwa kama mpira.

Nikamkumbuka Rajabu, mwanafunzi wangu wa zamani.

Miaka ya sabini nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima kijiji cha ujamaa, hukuhuku Mbozi. Rajabu alikuwa amehamia kwetu kutoka Kigoma. Sentensi ya kwanza aliyoandika maishani mwake ilikuwa hii: "Samaki wa kwetu anavimba kama mpira."

Nikaisoma kwa sauti darasa zima licheke. Likacheka. Nikamwambia aandike mambo ya kweli, nikamwekea kosa kwa wino mwekundu.

(Nisemeni tu, nastahili.)

Hakurudi tena darasani. Mpaka leo akitakiwa kusaini anaweka dole gumba.

Basi jioni hii nimemfuata kwake kijijini Mpemba na simu mkononi. Ameisogeza karibu na macho, ameangalia weee. Nilikuwa nasubiri anitukane. Bora angenitukana.

Akaniuliza taratibu, "Kumbe nilipata, Mwalimu?"