Fundi wa Gari la Watu Wawili

Nicodemus Wepukhulu alikuwa na miaka sitini na minane, na katika Kisumu nzima lilikuwa limebaki gari moja tu lililostahili mikono yake. Mengine yaliyoletwa uwanjani kwake, kule Nyalenda, yalikuwa ya watu wanaotaka kelele inyamazishwe leo hata kama injini itakufa kesho. Walikuja na simu mkononi, na simu ilikuwa imekwisha kuwaambia ugonjwa ni nini. Fundi wa kazi gani basi?

Alitoka Bungoma akiwa kijana, akaajiriwa kufagia gereji ya Mhindi mmoja karibu na bandari ya Kisumu. Shule aliiacha darasa la nne. Kiingereza alifundishwa na vitabu vya magari, ukurasa baada ya ukurasa, kamusi gotini, mpaka ikafika siku Mhindi mwenyewe akawa anamuuliza. Enzi hizo mtu akinunua gari alitafuta fundi wake kama familia inavyotafuta mkunga, na wakishakubaliana hapakuwa na wa tatu kati yao. Fundi akibadilisha kifaa, alikifunga kile kibovu kwenye gazeti akakupa, ukajionee kwa macho yako. Sasa nani ana muda wa kuona?

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la viti viwili na paa la turubai, lililotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Shakir, mwenye duka la vitambaa, alilirithi kwa marehemu baba yake, gari na fundi wake kwa pamoja. Lilikuwa jepesi, fahali watatu tu wa nyanda za Kano wangelikaribia uzito wake. Wepesi huo ndio uliokuwa utamu wake, na ndio uliokuwa maradhi yake. Maji ya mvua yalishuka kutoka kwenye turubai yakapitia vitundu viwili nyuma ya viti. Vitundu vikizibwa na majani, maji yalituama ndani ya mhimili ulio chini ya mlango, na kutu ikala kutoka ndani huku nje rangi inang'aa. Klachi ilitegemea mpira mdogo kama pete. Ukianza kuvuja, pedali inazama hadi sakafuni. Rejeta, inayopoza maji ya injini, ilikaa chini kabisa puani, na kila wingu la sami, wale wadudu wa ziwani, liliiziba mpaka injini ikachemka. Tena tumbo lake lilikuwa shubiri moja tu kutoka ardhini, na Kisumu ni mji wa matuta.

"Mzee, hili gari linanila mifupa," Shakir alimwambia Jumatatu moja. "Mwaka huu rejeta. Klachi. Tairi nne za saizi ambayo lazima iagizwe Nairobi. Si afadhali ningefuga ng'ombe?"

"Hata ng'ombe huugua."

"Lakini hutoa maziwa, Mzee!"

Kisha akatoa sharti. Dada yake Amirah alikuwa anaolewa Jumapili, na bwana harusi angemchukua kwa gari lile. "Likifika bila kutuaibisha, nitalitunza. Likizima njiani, namwita Oluoch."

Oluoch alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikata magari kwa moto wa gesi jinsi mama wa sokoni anavyokata samaki, bila kumtazama usoni.

Nicodemus alifanya kazi siku nne. Alikata mhimili uliooza, akachomelea chuma kipya. Alipitisha waya kwenye vitundu. Alibadilisha mpira wa klachi, akaing'oa rejeta na kuisugua kwa mswaki, zikatoka maiti za sami kikombe kizima. Alhamisi jioni aliliendesha hadi Ahero na kurudi, na mshale wa joto haukutikisika. Kwenye mashamba ya mpunga alishusha turubai, na kwa dakika kumi hakumchukia mtu yeyote.

Ijumaa asubuhi alilikabidhi. "Usiongeze maji baridi injini ikiwa moto. Matuta yapande kwa upande. Mvua ikija, funga turubai mapema."

"Nimesikia. Unanipa masharti kama mganga."

Kabla ya saa sita Shakir alipiga simu. Nicodemus akapanda bodaboda hadi ufukweni, pale ambapo magari huingizwa ziwani kuoshwa. Shakir alikuwa ameliingiza kama anavyoingiza lori la duka lake, pua mbele, mpaka maji yakafika katikati ya magurudumu. Kwa lori hayo ni maji ya kunawa miguu. Kwa gari lile yalifika mdomoni, injini inapovutia hewa. Lilivuta mara moja, likagonga ndani, likanyamaza.

"Omera, ndugu yangu, hapa tunaosha lori la mchanga la tani kumi!" Waswa, muoshaji, alipaza sauti, ndoo mkononi. "Hili limeonja maji kidogo limekufa. Ni gari ama ni kifaranga?"

Watu wakacheka. Nicodemus alikunja suruali akaingia majini. Alijaribu kuizungusha injini kwa spana. Ikazunguka nusu, ikagoma. Maji hayashindiliki, na mkono wa pistoni ulikuwa umepinda. Alipoinua zulia, kompyuta ya injini ilikuwa imezama.

"Ulisema limepona," Shakir alisema.

"Lilikuwa limepona."

"Ulinikataza maji baridi, ukanikataza matuta. Ziwa ulinikataza lini?"

Nicodemus alilirudisha zulia. Ni kweli hakumkataza. Marehemu aliliosha mwenyewe, kwa ndoo na fulana kuukuu, kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Fundi alidhani mtoto aliona. Huenda aliona, akadhani ni ubahili.

"Nitaifungua injini," alisema. "Kazi yangu bure."

"Na vipuri? Na mwakani?" Shakir hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wewe utakufa, Mzee. Mimi nitabaki nalo na nani?"

Amirah alichukuliwa kwa gari jeupe la kukodi. Jumatatu Oluoch alifika nyuma ya duka la Shakir na mitungi yake ya gesi, akamkuta Nicodemus amekaa juu ya sanduku la spana.

"Mzee, umekuja kuaga maiti?"

"Nimekuja kulifungua. Weka moto wako mbali."

"Moto ni saa moja tu, tumemaliza."

"Moto ni wa mtu asiyejua nati iko wapi."

Oluoch alipiga hesabu akaona kifaa kizima kinauzika kuliko kilichokatwa. Akamwahidi kibarua cha siku.

Nicodemus alifungua tangu asubuhi hadi alasiri: milango, viti, rejeta, na mwisho klachi, ambayo mpira wake mpya ulikuwa bado haujapata hata vumbi. Hakuhitaji nguvu. Kila nati ililegea kwa vidole viwili, kwa kuwa wiki iliyopita alikuwa amezipaka zote grisi, moja moja, ili siku akizirudia zisimsumbue.